Chia kwenye Kibuyu cha Mama Mkwe

Siipendi chia. Nalisema mapema ili anayetaka kusikia sifa za mbegu hizo aondoke sasa, asinipotezee muda wangu nami nisimpotezee wake. Najua kuziloweka, najua kuzitia kwenye uji, kwenye maharage, kwenye chapati na kwenye mlenda, na sidhani kama hapa Gendabi yuko mwanamke aliyezihangaikia jikoni kuliko mimi. Bado sizipendi. Nikiona kopo lake dukani Katesh, naangalia upande wa chumvi.

Zililetwa nyumbani kwangu na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi Arusha. Majina ya watu sitayataja. Mume wangu ni wa watu wa ng'ombe, na kwao mke hataji ovyo majina ya upande wa wakwe zake. Mimi nilizaliwa Tumati, kwa watu wa jembe na kanisa, ambako tunaitana majina kutoka mlima huu hadi mlima ule, na kwa miaka mingi niliiona mila hiyo kuwa ni usumbufu mtupu. Leo imenifaa. Nikiwataja watanipigia simu, na nimechoka kupigiwa simu.

Mama mkwe wangu alizaliwa Dirma, akaolewa hapa, akazaa, akafiwa na mume, na sasa anaishi kwenye nyumba yake ndogo ndani ya boma letu, mlango wake ukiangaliana na mlango wa jiko langu. Aliyejenga hivyo hakutufikiria. Kila ninachokifanya jikoni anakiona, na kila anachokiona anakisema. Tangu niolewe hatujawahi kumaliza wiki bila kugombana. Tumegombana kuhusu ninavyokoka moto, ninavyochunga kuku, ninavyowaachia watoto wafanye watakavyo, na zaidi ya yote kuhusu mboga za majani, ambazo yeye anaziita chakula cha ndama. Mimi haniiti mkwe wala mwanangu. Ananiita wewe wa Tumati.

"Shikamoo mama," namwambia kila asubuhi, kwa sababu nilifundishwa adabu.

"Marahaba, wewe wa Tumati. Jana ulichoma ugali."

Vita yetu kubwa ilikuwa kibuyu. Maziwa yake hayakai kwenye ndoo wala sufuria. Yanagandishwa kwenye kibuyu kirefu chenye kifuniko cha ngozi, na kibuyu hicho hakijui sabuni. Unachukua kijinga cha mti anaouchagua yeye mwenyewe, unakiingiza ndani kikiwa bado kinawaka, unasugua kuta zote, unafunika moshi ukae, halafu unapangusa ndani kwa fimbo yenye nywele za mkia wa ng'ombe mpaka unga wote wa mkaa utoke. Maziwa yanayogandia humo yana harufu ya moshi ambayo watu wa huku wakiikosa wanaona kama hawajanywa kitu. Lakini kazi mbovu haifichiki. Ukimimina mtindi kikombeni ukaona vidoti vyeusi vinaelea, ujue mwanamke aliyesafisha kibuyu ni mvivu, na wageni wote watajua hivyo hivyo.

Miaka yote hiyo hakuniruhusu nikiguse. Aliniambia mikono yangu ni ya viazi. Kisukari kilipomwanza, macho yakapungua nguvu na vidole vikafa ganzi, akawa hawezi tena kukishika kijinga bila kujiunguza. Akanipa kibuyu kwa uso wa mtu anayemkabidhi mwizi ufunguo. Nilikisugua kwa hasira, kila mara, nikikipangusa mpaka bega liume, na kila mara alikiinua kikombe kuelekea mwangani kutafuta kosa. Hakulipata. Hilo nalo lilimuudhi.

Halafu kukatokea kliniki. Walimpima sukari wakakuta imepanda sana, wakamweleza ale nini na apunguze nini, na mume wangu akafanya kosa la kumwambia dada yake kwenye simu. Wiki ile ile wifi akafika.

Nitakuwa mkweli, ni mwanamke mzuri na anampenda mama yake. Lakini aliingia jikoni kwangu kabla hajakaa, akafunua sufuria yangu ya kwanza, akafunua ya pili, akasema, "Wanga mtupu. Wifi, hapa mnakula wanga mtupu."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Mungu anajua nilichokuwa nakiwaza.

"Huo ni ugali," nikamwambia. "Uliukulia."

"Ndiyo maana nasema. Mimi siku hizi sili hivyo."

Akatoa kopo kwenye mkoba, akaliweka mezani. Nililifungua nikadhani ni mbegu za mchicha, nikamwuliza kama nizipande. Akacheka cheko lake la Arusha. Akaanza somo. Chia ina nyuzinyuzi, chia ina mafuta mazuri, chia inazuia sukari isipande kwa kasi, chia inalainisha choo, na neno choo akalitaja mbele ya mdogo wake, mume wangu, na mbele ya ugali wangu bila aibu yoyote. Nikamwuliza, na ulezi je? Na alizeti zetu, na mbegu za maboga, na maharage? Akasema hivyo pia ni vizuri, kwa sauti ile ya kumsemesha mtoto aliyeshika namba ya mwisho.

Kisha akatoa hukumu. Mama atumie chia kila siku mpaka kliniki ijayo. Kopo likiisha na sukari ikawa imeshuka, mama abaki. Isiposhuka, yeye atakuja kumchukua akamlishe mwenyewe Arusha, maana inaonekana huku hakuna anayejua lishe. Mume wangu akainuka akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Hicho ndicho kipaji chake. Maneno yakianza tu nyumbani, kuna ng'ombe wa kuangalia.

Mama mkwe alikuwa nje kwenye kigoda chake, na katika yote hayo alishika neno la Arusha tu. Alimbariki binti yake, akamsindikiza kwa macho mpaka gari likapotea upande wa barabara ya mashamba ya ngano. Ndipo akanigeukia.

"Mimi siendi Arusha."

"Mwambie mwanao."

"Nimekuambia wewe."

Sikuhitaji maelezo. Aliwahi kupelekwa huko, alipougua miguu. Wifi anatoka asubuhi kwenda kazini, watoto wake wamekua wametawanyika, nyumba ina geti na geti lina kufuli. Mama mkwe alishinda kwenye kochi akitazama geti. Ng'ombe hakuna, jirani hamjui, na maziwa yalikuwa ya pakiti. Aliporudi alikuwa amekonda na hakuzungumza na mtu kwa siku kadhaa, hata kunitukana hakunitukana. Aliwaambia wanawe wazi kwamba wakimrudisha kule watamleta ndani ya sanduku kuzikwa karibu na baba yao. Mtu wa umri wake akisema hivyo huku kwetu hatanii.

Mtu angedhani ningefurahi. Mlango ule mwingine ungefungwa, nami ningepika ugali wangu nikauchoma nikitaka. Lakini fikiria habari yenyewe ikifika Tumati, kwa mama yangu na shangazi zangu, kwamba mkwe wangu ameondolewa kwenye boma lake kwa sababu mimi nimeshindwa kumlisha. Wangeisikia kanisani kabla ya mahubiri. Hilo sikulikubali. Niliapa kwamba yule mwanamke atakula chia, sukari itashuka, na atabaki hapo hapo mlangoni akinisema mpaka Mungu amwite.

Nilianza na uji wa ulezi. Niliziloweka tangu jioni, na asubuhi nilizikuta zimevimba, kila mbegu imejivika ute wake, zimeshikana kwenye bakuli zikitetemeka. Nikazikoroga kwenye uji. Mama mkwe akapiga funda moja, akalizungusha mdomoni, akaliacha lianguke chini.

"Umeniwekea mayai ya chura."

"Ni uji mama."

"Mimi nimechota maji mabwawani kabla wewe hujazaliwa. Mayai ya chura nayajua."

Kuku wakaula uji wote. Walikuwa na afya nzuri sana wiki hiyo.

Nikajaribu kwenye chapati za ngano isiyokobolewa. Akasema nimepika na mchanga. Nikajaribu kwenye maharage, nikiziponda kwanza, na hapo alikula nusu, lakini kwa kunishuku. Ndipo nikapata akili niliyoiona kuwa kubwa. Kwenye mtindi! Vidoti vyeusi ndani ya maziwa ya kibuyu, nani atauliza? Macho yake ni hafifu, na akiona atadhani ni chembe mbili tatu za mkaa, atakunywa.

Siku hiyo walikuja wanawake wa rika lake kumsalimia, wazee wa heshima wenye shanga na fimbo. Niliwaamkia mmoja mmoja, nikawamiminia mtindi, na kikombe cha mama mkwe nikakitia chia kijiko kizima. Akanywa. Akanywa tena. Kisha akakiinua kikombe kuelekea mwangani, kama kawaida yake, na nikaona uso wake ukifunguka kwa furaha.

"Njoo uone kazi yako," akaniita. "Mkaa!"

Akakipitisha kile kikombe kwa wenzake, kila mmoja akachungulia, kila mmoja akatikisa kichwa. "Ndivyo wanavyosafisha kibuyu kule kwao kwenye viazi," akawaambia. Alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu harusi yangu.

Kibuyu kile nilikuwa nimekipangusa asubuhi ile ile mpaka kikawa safi kuliko sahani ya padri. Na nisingeweza kusema kitu. Nikisema si mkaa, nitaulizwa ni nini, na nikisema ni mbegu za binti yako, hatakula tena chochote kinachotoka mkononi mwangu, na Arusha itamchukua. Nilisimama pale nikitabasamu mbele ya wazee wa watu. Tusi halikuwa langu, lilikuwa la wifi, na mimi ndiye niliyelimeza.

Nikampigia wifi simu nikamwambia yote yaliyonijaa kifuani. Akanisikiliza kwa upole, akanitumia video. Mwanamke mwenye kucha ndefu, jiko jeupe lisilo na moshi hata kidogo, anamimina chia kwenye glasi ya maziwa ya nazi, juu anapanga stroberi. Nikaitazama video ile nikiwa nimekaa kwenye gogo, macho yananitoka machozi kwa kuni mbichi. Stroberi!

Aliyeniokoa ni jirani yangu mmoja aliyezaliwa Singida, ambaye hupika mlenda mzuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mlenda wenyewe unateleza, una rangi nzito, umejaa vipande vya majani, na chia ikiingia humo inapotea kabisa. Nikapika mlenda kwa karanga, nikatia kijiko cha chia iliyolowekwa, nikaupeleka na ugali mdogo wa ulezi. Mama mkwe alianza kwa kulalamika kwamba yeye si ndama. Akachovya tonge. Akachovya jingine. Alipomaliza alilamba kidole, akaniona namtazama, akakificha kidole ndani ya shuka.

"Leo haikuchukiza," akasema.

Tangu niolewe sikuwahi kusifiwa kiasi hicho.

Basi tukaendelea hivyo. Mlenda, maharage, mara mojamoja supu. Chai yake nikaitoa sukari, na hapo tukagombana mpaka majirani wakasimama njiani, maana alikuwa anakwenda kuinywa yenye sukari kwa watu, akirudi anafuta midomo. Ugali nikaupunguza, mboga nikaongeza, na asubuhi nikawa namlazimisha atembee hadi zizini na kurudi, akinitukana kwenda na akinitukana kurudi. Choo kikawa kizuri. Ninalitaja kwa sababu yeye mwenyewe alilitangaza mbele za watu, akisema ni kwa ajili ya kutembea.

Shida ilikuwa wifi. Alipiga simu kila mara kuuliza kopo limefika wapi. Mchana mmoja nilikuwa nachambua mboga, mikono ina maji, nikaiweka simu juu ya kinu na kufungua spika.

"Kopo limefika wapi?"

"Limefika nusu."

"Nusu tu? Wifi, kliniki imekaribia! Nilikuambia nini? Kopo liishe, sukari ishuke, la sivyo namchukua mama. Mnamwekea kwenye chakula kweli?"

"Namwekea. Hajui, anadhani ni mlenda mtupu."

Nikainua macho. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameshika fremu. Nilijiandaa kwa vita. Nilijua maneno atakayoyasema na nilikuwa na majibu yake tayari. Hakuyasema. Aliuliza tu, wifi alipokata simu, "Hizo mbegu ni dawa?"

"Ni kama dawa."

"Ya sukari?"

"Ndiyo. Zinalowekwa, zinachanganywa na chakula kidogokidogo."

Akasonya, akaingia ndani. Mchana kutwa hakunisema. Nikadhani amenichukia safari hii kwelikweli, na nikajiambia shauri yake.

Sasa inabidi nieleze jinsi watu wa mama mkwe wanavyokula dawa, kwa sababu wifi, aliyezaliwa nayo, alikuwa ameisahau, na mimi sikuwahi kuifikiria. Dawa kwao ni magome ya mti yaliyotwangwa. Hakuna kijiko wala mchana na jioni. Unajaza kiganja, unatupa kichwa nyuma, unabwia, unashushia na maji, basi. Ugonjwa ukiwa mdogo unabwia kidogo. Ugonjwa ukiwa mkubwa unabwia mpaka dawa iishe. Mtu anayeonja onja dawa anaonekana kama mtu asiyetaka kupona.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa shambani napalilia maharage. Niliporudi nilimkuta kwenye kigoda nje, ameinama mbele, mate yanamtoka mdomoni yanadondoka kwenye shuka, mkono mmoja umeshika koo. Kopo la chia lilikuwa kati ya miguu yake. Nikalitazama ndani. Tupu. Pembeni palikuwa na ndoo ya maji na kikombe.

Nilielewa hapo hapo. Mbegu zile nilikuwa nimeziona kwenye bakuli zinavyokunywa maji na kuvimba, na sasa zilikuwa zinavimba ndani ya koo la mwanamke mzee, na kila alipokunywa maji ili zishuke, alikuwa anazinenepesha. Alikuwa anapumua, lakini hakuweza kumeza hata mate yake. Aliponitazama, macho yake yalikuwa na hofu. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu.

Nilimtukana. Nilimwita mbishi, nilimwita majina ya Kimbulu, lugha ya kwetu Tumati, ambayo kwa bahati hayajui, na huku namtukana nilikuwa nimeshamwinua na kumwita kijana wa bodaboda anayekaa njia panda. Mume wangu alikuwa mnadani. Tulimpakia katikati, mimi nyuma nikimshika kiunoni kwa mikono miwili, na mbavu zake zilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani.

"Usinifie hapa," nikamwambia sikioni njia nzima. "Usinifie mikononi mama, watasema ni mimi."

Barabara ya kwetu mvua imeila. Nimeilaani barabara ile tangu niolewe, na siku ile ilimwokoa mama mkwe. Dereva aliingia kwenye shimo ambalo hakuliona, tukarushwa sote, na mama mkwe akatapika bonge zima la ute mweusi kwenye koti la dereva. Pikipiki ikasimama. Dereva akavua koti, akalitazama, akafungua mdomo kusema kitu, akamwona bibi alivyo na akasema pole bibi. Mama mkwe akavuta pumzi ndefu, akatapika tena, akafuta midomo kwa shuka.

Nilikaa chini palepale barabarani kwenye vumbi.

Zahanati muuguzi alimpima, akampa maji kidogokidogo na kuona yanashuka. Akatueleza bila kupayuka kwamba mbegu hizi haziliwi kavu hata kidogo, zinalowekwa kwanza mpaka zivimbe zikiwa nje, na mtu anakula vijiko vichache tu kwa siku, na bonge lile lisingetoka angepelekwa hospitali kubwa kuingizwa mpira kooni. Kisha akamwuliza, "Bibi, kwa nini ulizibwia zote?"

"Ubishi," nikamjibia mimi. Nilikuwa nimeamini hivyo. Nilidhani amegundua namlisha kwa siri, akaamua kunikomesha.

Wifi alifika kesho yake na gari la kukodi. Hakunisalimia. Alimkumbatia mama yake, akamgusa koo, akalia, halafu akanigeukia.

"Umetaka kumuua mama yangu."

"Mbegu ni za nani?" nikamwuliza.

"Nilikuambia uziloweke!"

"Niliziloweka! Nilizipika, nikazificha, nikaaibishwa mbele ya wazee kwa ajili ya mbegu zako. Aliyezibwia ni huyo hapo. Mwulize."

"Simwulizi mtu. Mama anaondoka leo."

Mume wangu alikuwepo. Aliangalia upande wa zizi, lakini ng'ombe walishakwenda malishoni na hapakuwa na kitu cha kuangalia. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake, fimbo magotini, kimya. Kimya chake kilinipandisha hasira kuliko maneno ya wifi. Mdomo ule ambao haukunyamaza siku moja kwa ajili yangu, leo ndio unanyamaza? Haya, nikasema, kama anaondoka aondoke. Nikaingia nyumbani kwake, nikavuta begi chini ya kitanda, nikatupa humo shuka, gauni la kanisani alilopewa na wifi na ambalo hajalivaa, shanga, viatu vya matairi, dawa za kliniki. Nikafunga zipu kwa goti. Nikalitoa nje nikaliweka miguuni pa wifi.

"Mchukue."

Wifi hakulishika. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mama yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana simu mkononi.

"Mama," akasema taratibu, "kwa nini ulizibwia zote?"

Mama mkwe akainua macho.

"Ulisema kopo likiisha nitabaki."

Kuku mmoja alipita katikati yetu. Nilihisi uso wangu unawaka na sikujua niutazamishe wapi.

"Mama, njoo tu," wifi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kule hakuna atakayekukasirisha. Hakuna kelele, hakuna ugomvi. Nyumba yote ni sisi wawili. Nikirudi jioni hakuna mtu mama, kila siku hakuna mtu."

Akaanza kulia tena, si kama mwanzo. Ndipo nilipojua kwamba habari haikuwa sukari wala wanga. Alikuwa anamtaka mama yake. Nilimwonea huruma, na hilo likaniudhi, kwa sababu nilikuwa nimeandaa matusi mazuri na sasa hayakuwa na pa kwenda.

Mama mkwe akamwekea mkono kichwani.

"Wewe ni mtoto wangu. Kaa hapa hata mwezi, kitanda kipo. Lakini mimi huko siendi. Huko asubuhi nitaamka nigombane na nani?"

"Unataka kubaki ugombane na huyu?" Wifi alinionyesha kwa kidevu.

"Na huyu. Hajui kusafisha kibuyu. Ananilisha majani. Mdomo wake mrefu." Akageuza fimbo yake magotini. "Lakini mimi nikinyamaza, anakuja kuchungulia kama niko hai. Anajifanya anatafuta kuku."

Sikujua kwamba anajua.

Miaka yote ile, kila aliponyamaza muda mrefu, nilikuwa navuka uwanja na bakuli la mtama, nikiita kuku waliokuwa wamejaa miguuni pangu, nikipitisha jicho kwenye ufa wa mlango wake mpaka nione shuka inapanda na kushuka. Halafu narudi jikoni kwangu. Nilidhani hilo ni jambo langu peke yangu.

Nikaona nikikaa pale nitalia mbele ya wifi, na hiyo furaha sikutaka kumpa mtu. Nikalinyanyua begi, nikalirudisha ndani, nikalitupa juu ya kitanda chake.

"Utalipangua mwenyewe," nikampigia kelele kutoka humo ndani.

"Nitalipangua," akajibu. "Najua umelipanga vibaya."